Lugome na Lango la Isovela

Mwaka ule uliofuata njaa ya nzige, mwezi wa kwanza wa kipupwe, jua likiwa limepanda kimo cha mkuki juu ya mlima wa mashariki, Lugome Mvunja Ngao aliamuru lango la Isovela livunjwe, na tangu saa ile mambo ya watu wetu hayakurudi tena kuwa kama yalivyokuwa.

Tulieni basi, jamaa mliokusanyika kuwaombea marehemu wetu, na wenye watoto wawapakate, maana habari hii ina damu nyingi na haifai kusimuliwa mbiombio. Ni habari ya zamani za mababu, kabla barabara haijakatwa na kabla Neno la Mungu halijasomwa kwenye milima hii. Hata hivyo Mungu mwenyewe alikuwapo, na wazee wetu walimwita Nguluvi, wakamwogopa.

Lugome alikuwa mwana wa Msavila. Msavila alikuwa mwana wa Kihanga, yule aliyetoka upande wa machweo akiwa amebeba mbegu za ulezi ndani ya pembe ya ng'ombe. Msavila aliuawa na Wamahele, watu wa bondeni walioishi kwa kuteka, na mkewe akauawa naye siku hiyohiyo kando ya shamba lao. Walibaki watoto wawili. Mkubwa alikuwa msichana aitwaye Nyandeme, na mdogo alikuwa Lugome, ambaye hata meno yake ya mbele yalikuwa hayajamaliza kuota. Nyandeme alimfunga mdogo wake mgongoni kwa kipande cha ngozi, akaingia naye katika mto Lihova uliokuwa umefurika, akavuka maji yakimfika kidevuni, akimwinua mtoto juu kila wimbi lilipokuja. Alimlea kwa uji wa ulezi aliouomba kwa watu, na yeye mwenyewe akala makombo ya chungu.

Mtoto yule alikua akawa mtu wa ajabu. Kifua chake kilikuwa kipana kama mlango wa ghala, na rungu lake la mti wa mgurukaguruka vijana wawili walilibeba kwa zamu. Wamahele waliporudi kuteka, Lugome aliwasubiri kwenye kivuko cha Lihova, palepale alipovushwa akiwa mchanga. Alipiga ngao ya ngozi ya nyati, ngao ikapasuka, na mkono ulioishika ukavunjika, na kifua kilichokuwa nyuma ya mkono kikabonyea. Alipiga tena na tena, mpaka maji ya kivukoni yakawa mazito na maiti zikawa daraja. Hapo ndipo alipoitwa Mvunja Ngao. Watu waliokuwa wakiishi mapangoni na vichakani, wakiogopa hata kuwasha moto, walitoka wakamfuata, naye akawapandisha kilima cha Isovela, akawaambia, "Hapa tutalima, na hapa tutazikwa kwa uzee wetu."

Ndiye aliyejenga boma la magogo yaliyochongoka, na ndiye aliyeweka lango lake. Lango hilo hakuliweka juu. Kimo chake kilikuwa kimo cha beberu aliyeinua kichwa. Aliyetaka kuingia alilaza mkuki wake chini, akainama mpaka ndevu zikagusa mavumbi, akatanguliza kisogo, na alipotokea upande wa ndani alisema, "Ardhi ni ya Nguluvi," ndipo akainuka. Adui naye hakuwa na njia nyingine. Wamahele walilijia lango lile mara nyingi, na kila aliyeingiza kisogo alikikuta kirungu cha Kivambe.

Kivambe huyu alikuwa mume wa Nyandeme. Yeye na watu wa nyumba yake ndio waliokabidhiwa ulinzi wa lango na ukuta. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mguu mmoja uliopinda, na mwenye mzaha usioisha. Akina mama walipoingia na mitungi aliwashikia, na wanaume wenye vitambi aliwatania, "Vuta pumzi, bwana, usije ukatuzibia njia mpaka kiangazi." Hata Lugome hakusalimika. Kivambe alikuwa akimwambia, "Polepole, shemeji. Kichwa chako kimekuwa kikubwa, na magogo haya nimechoka kuyafunga upya." Na siku zile Lugome alicheka, akainama, akasema maneno ya lango kama mtu mwingine yeyote.

Lakini ushindi ulifuatana na ushindi. Vijana walitunga nyimbo, na nyimbo zilipozidi, Lugome alianza kuziamini. Alijishonea taji la manyoya ya simba, akachomeka juu yake manyoya marefu ya mbuni, hata akawa anaonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Akaanza kunyamaza alipoingia langoni. Kisha siku moja, alipotokea upande wa ndani, alisema kwa sauti, "Ardhi ni ya Lugome." Watu wakapiga vigelegele. Nyandeme alikuwa akitwanga ulezi karibu na hapo. Aliuacha mchi ndani ya kinu, na hakutwanga tena siku hiyo.

Ikaja asubuhi ile niliyoitaja. Lugome alikuwa akirudi kutoka bondeni na mateka, na wakuu wa vilima vya jirani walikuwa wamekuja kumlaki. Miongoni mwa mateka alikuwamo mwana wa Chavala, mkuu wa Wamahele, kijana aliyekwisha kukata tamaa ya kuishi na kwa hiyo hakuwa na cha kuogopa. Lugome alipoinama langoni, gogo la juu lililivuta taji lake, taji likaanguka mavumbini, likabiringika hadi miguuni pa kijana yule. Naye akacheka, akasema wakuu wote wakisikia, "Loo! Kumbe simba wa Isovela huingia kwake kama mbwa aliyeiba nyama."

Lugome alirudi nyuma, akanyooka, akampiga mara moja tu. Sitasema kichwa cha kijana yule kilikuwaje baada ya hapo. Damu iliwarukia wakuu wa jirani kwenye mavazi yao, na hakuna aliyethubutu kujipangusa.

"Leteni shoka," Lugome alisema. "Lango hili livunjwe sasa hivi. Lijengwe lingine, mimi nipite nimesimama na taji langu kichwani."

Kivambe alitokeza kichwa kutoka ndani, kisha akatoka mzima, akichechemea, akasimama mbele ya magogo. "Shemeji," alisema, "taji limeanguka, tutaliokota, tutalikung'uta. Lakini lango hili likiinuka, wataingia na wengine wakiwa wamesimama."

"Ondoka njiani."

"Nani atawazuia? Mimi na mguu wangu huu?"

"Mimi ndimi lango! Mimi ndimi ukuta! Wamahele wakisikia jina langu wanakojoa njiani!"

"Wanakojoa, kweli," Kivambe alisema, na wachache wakacheka. "Lakini huwa wanamaliza, shemeji. Na wewe unalala usingizi kama sisi. Uliliweka chini wewe mwenyewe, ukatuambia kila mtu ataingia ameinama, hata wewe. Mimi ninalinda neno lako."

Pengine lile cheko la watu ndilo lililomwua. Lugome aliinua rungu lake, lile lililookoa watu wote waliosimama pale, akalishusha juu ya bega na shingo ya mume wa dada yake. Kivambe alianguka kifudifudi kizingitini, na wakata magogo walimruka walipoanza kazi.

Nyandeme alikuja mbio na unga mikononi. Alipiga magoti, akamgeuza mumewe, akamfumba macho, na unga ukabaki juu ya kope za marehemu. Alimtazama mdogo wake, naye mdogo wake akaangalia pembeni.

Sasa yafaa mwelewe desturi ya watu wetu. Mtu akimwua ndugu, matanga ya marehemu hayaanuliwi mpaka mwuaji aje mbele ya mjane bila silaha, apige magoti, alitaje jina la aliyemwua na kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe. Mjane akiridhika humpaka majivu kwenye paji la uso, na matanga huanuliwa. Kabla ya hapo mjane haogi majivu aliyojipaka, na wanaume wa nyumba ya marehemu hukaa chini naye, wala hawagusi silaha, hata kisu cha kuchinjia. Na wanaume wa nyumba ya Kivambe ndio waliokuwa walinzi wa ukuta.

Lango jipya likasimama. Lilikuwa refu na pana, na nguzo zake zilichongwa vichwa vya simba. Lugome alipita hapo kila siku akiwa amevaa taji lake. Walinzi walikaa chini kwenye ua wa Kivambe, mikono mitupu, wakimngoja.

Nyandeme alimwendea, amejaa majivu. Alimkuta akinywa pombe ya ugimbi pamoja na vijana wake.

"Mdogo wangu," alisema, "njoo upige magoti, tumalize kumzika mtu vizuri."

"Dada, omba kitu kingine. Nitakupa ng'ombe mpaka ua wako ujae."

"Ng'ombe hawalijui jina lake. Nataka ulitaje wewe."

"Magoti haya ndiyo yaliyosimama Lihova," Lugome alisema, akajipiga mapajani, na vijana wakaitikia. "Watu wote hawa wanaishi kwa sababu magoti haya hayakukunjwa."

"Yalikunjwa," Nyandeme alisema. "Yalikunjwa mgongoni mwangu, katika mto huohuo. Nilikuwa nayashika ili yasiloane."

Lugome aliweka kibuyu chini. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa uso wa mtoto aliyemlea, na Nyandeme alidhani angeinuka. Kisha akatazama wale waliokuwa wakimtazama. "Mvunja Ngao," alisema, "hapigi magoti mbele ya mwanamke aliyejipaka majivu. Nenda kaoge, dada."

"Basi nitakaa nayo."

Akaenda. Walio jirani naye walimsihi amlaani, maana laana ya dada mlezi ni nzito kwetu. Hakumlaani. Kila alfajiri alitoka nje, akainamisha uso chini, akaomba neno moja tu: "Nguluvi, mshushe. Lakini usimtupe." Moyo wake haukutaka kitu kingine duniani. Alikwisha kumpoteza mume, na sasa aliogopa kwamba mdogo wake atakufa akiwa na damu ile mikononi na kiburi kile kichwani, aende mbele ya Muumba wake akiwa hivyo. Ni hofu ambayo kila aliyezika mtu wake anaifahamu.

Chavala wa Wamahele alipopata habari za mwanawe hakupiga ngoma ya vita. Alikusanya watu wake kimya kimya. Wakapanda Isovela kabla ya jua kuchomoza, ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba, na ukutani hapakuwa na mtu wa kuwaona. Walipolifikia lango hawakuinama. Waliingia wakikimbia, bega kwa bega, ngao kwa ngao, mikuki ikiwa juu, na vichwa vya simba vya mbao vikiwatazama wakipita.

Waliwakuta watu wakiwasha moto wa asubuhi. Waliwachoma mikuki wazee wakiwa bado wamejifunika ngozi zao. Waliwakata akina mama mbele ya mafiga, na vyungu vikamwagika juu yao vikichemka. Nyumba zilitiwa moto huku wenyewe wamo ndani, na waliotoka wakiwaka walipokelewa kwa mikuki mlangoni. Katika ua wa Kivambe, watu wa matanga walichomwa mikuki wakiwa wameketi. Wengine walijikinga kwa viti, na mmoja alizuia shoka kwa mikono yake mitupu, akabaki bila mikono. Hawakugusa silaha, kwa sababu matanga hayakuwa yameanuliwa, na waliogopa kumwachilia marehemu wao apotee.

Lugome alitoka na rungu lake. Alipigana kama zamani. Alivunja ngao na waliozishika, akawakanyaga walioanguka, na damu yao ilimfika mapajani. Lakini kivukoni walimjia mmoja mmoja, na hapa walimjia kutoka kila upande, kwa njia aliyoifungua mwenyewe. Na lile taji liliwaonyesha alipo. Chavala aliwapigia kelele watu wake, "Fuateni manyoya!" nao wakayafuata kupita katikati ya moshi. Mkuki ulimpasua paja. Mwingine ulimwingia chini ya bega. Alipoyumba, taji likamshukia machoni, na kabla hajaliinua alikatwa mshipa wa nyuma ya goti, mguu ukafa.

Alilivua taji lile kwa mkono wake mwenyewe, akalitupa ndani ya nyumba iliyokuwa ikiwaka.

Nyuma ya boma palikuwa na tundu la kupitishia ndama, ambalo siku zote lilizibwa kwa gogo kutoka ndani, na huko Nyandeme alikuwa akiwapitisha watoto, akiwasukuma mmoja baada ya mwingine. Waliobaki wa nyumba ya Kivambe walikuwa wamewazunguka, wakiwakinga kwa miili yao tu. Lugome alifika hapo akiburuta mguu, akiegemea rungu, na Wamahele walikuwa nyuma yake wakivunja nyumba za mwisho.

Nyandeme alimwona. Aliendelea kupitisha watoto.

"Dada," Lugome alisema.

"Unavuja damu mgongoni."

"Najua. Niangalie."

Akaliachia rungu lake likaanguka. Akapiga magoti, na lile goti lililokatwa lilipogusa ardhi alitoa sauti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia kwake. Alipiga magoti katika mavi ya ndama na damu, mbele ya mwanamke aliyejipaka majivu, watu wakimtazama.

"Nilimwua Kivambe," alisema. "Hakuwa na kosa. Alisema kweli, na watu wakacheka, nikaona aibu. Nilimwua kwa ajili ya hilo tu. Hawa wote wanaokufa leo nimewaua mimi. Nilisema ardhi ni yangu. Ardhi ni ya Nguluvi. Nihurumie, dada. Ukishindwa, sitakulaumu."

Nyandeme alimtazama kitambo, huku moto ukija. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umemshika mtoto. Tusidhani ilikuwa rahisi kwake, kwa sababu tu aliiomba saa hiyo kila alfajiri. Alimpitisha yule mtoto tunduni. Kisha akafuta majivu kwenye paji lake mwenyewe kwa kidole gumba, akayapaka kwenye paji la mdogo wake.

"Matanga yameanuliwa," alisema kwa sauti kubwa.

Wanaume wa nyumba ya Kivambe wakalisikia neno hilo. Wakachomoka kama watu waliokatwa kamba. Waliokota mikuki ya waliokufa, mashoka, vijinga vya moto, wakawarukia Wamahele kwa hasira ya siku zote walizokaa chini, wakawasukuma nyuma mpaka kwenye ghala zilizokuwa zikiungua, wakawatumbukiza humo. Kwa nafasi hiyo watoto wote waliosalia walipita, na akina mama wakapita, na majeruhi wakavutwa kwa miguu.

Lugome akawaambia, "Nendeni nao msituni. Watawahitaji kesho. Mimi mguu wangu umekwisha." Walitaka kumbeba akakataa. Yeye ndiye aliyepita wa mwisho, kwa tumbo, akiburuta rungu lake. Alipofika nje hakuinuka. Alibaki amepiga magoti kando ya tundu, na kila Mmahele aliyetokeza kichwa alikivunja. Chavala, kwa uchungu wa mwanawe, alikataa kuzuiliwa, akaingiza kisogo chake humo, naye akafa pale. Waliobaki walirusha mikuki juu ya ukuta kama mvua. Baadaye kelele za ndani zilipungua, kisha zikakoma, na Wamahele wakateremka bondeni wakibeba maiti ya mkuu wao.

Nyandeme alirudi kesho yake, na wanaume wakiwa pamoja naye. Walimkuta Lugome amepiga magoti, paji la uso limegusa ardhi, rungu limo chini ya kifua, na mgongo umejaa mikuki. Tundu lilikuwa limezibwa kwa maiti. Mwili wake ulikuwa umekauka katika hali ile.

Wanaume waliing'oa mikuki. Kisha wakataka kumnyoosha, wamlaze chali kama ilivyompasa shujaa, uso juu na miguu imenyooka. Miguu ilikataa. Mmoja wao akasema kwa upole, "Mama, itabidi tuyavunje magoti."

"Msiyaguse," Nyandeme alisema. "Alihangaika sana kuyakunja."

Wakachimba kaburi la duara, wakamshusha humo akiwa amepiga magoti, akielekea kaburi la Kivambe. Na tangu siku hiyo, jamaa zangu, kila mkuu wa Wasovela huzikwa amepiga magoti. Hata baada ya kulipokea Neno la Mungu hatukuiacha desturi hii. Waliotuletea Neno walipotueleza kwamba Mungu humshusha ajikwezaye na humwinua anyenyekeaye, wazee waliwaongoza makaburini, wakawaonyesha yale makaburi ya duara.

Na tuombe.

Ee Mungu uliye juu, unayewatazama walio chini, mpokee Kivambe, aliyesema kweli akafa kizingitini. Mpokee Lugome; usizihesabu siku alizosimama, ikumbuke saa ile moja aliyoinama. Wapokee waliochomwa wakiwa wameketi, na waliokufa motoni bila kujua sababu. Na hawa wetu, tuliowashusha kaburini kwa mikono yetu, ambao majina yao bado yanatukwama kooni, uwaangazie mwanga wa milele na kuwapumzisha kwa amani. Sisi tuliobaki, utushushe, Bwana, lakini usitutupe. Amina.